Mto Rushoza Hauna Kitu

Kila asubuhi Yunisi alishuka Mto Rushoza na ndoo kichwani na sare ya shule mwilini, na kila asubuhi mama yake, Recho, alimpigia kelele kutoka jikoni asiilowanishe. Aliilowanisha kila siku. Ungefanyaje? Ukitaka maji safi huna budi kuingia mpaka magotini, upite vidimbwi ambamo wanawake wamevundika muhogo, ufike penye mawe ambako maji yanakimbia. Hapo ndipo utakapochota maji baridi, matamu, ya kunywa nyumba nzima.

Chini kidogo ya hapo baba yake, Feliksi, alikuwa ameshafika zamani. Feliksi alikuwa na uzio wa matete uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ya uzio aliacha nafasi za kutegea migono, ile mitego ya kusuka yenye mdomo mpana na shingo nyembamba. Samaki akishaingia, kutoka ndiyo basi. Mvua za kwanza zinaponyesha, ningu na kambale huacha ziwa na kupanda mtoni kutaga mayai, na hapo ndipo migono ya Feliksi ilipojaa. Sheria inakataza kuziba njia ya samaki wanaokwenda kutaga. Feliksi alijua, na kijiji kizima cha Nyamhenda kilijua. Ndiyo maana hakuna aliyeutaja uzio ule mbele ya mgeni.

Nyamhenda kimejibana bondeni, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Barabara hakina. Unapanda boti kutoka Kibirizi, unashuka mwaloni, kwenye ufuko wa ziwa, kisha unapanda kilima mpaka jasho likutoke. Kwa hiyo mgeni hakuwahi kuwashtukiza watu. Kabla hajamaliza kupanda, habari zake zilikuwa zimeshamtangulia. Akija afisa uvuvi, aliambiwa hakuna anayevua mtoni. Akija mtu wa ardhi kuuliza nani analima karibu na ukingo, aliambiwa hakuna, ingawa mpunga na maharage vilikuwa vimesimama palepale vikimtazama. Akija bwana afya, aliambiwa watu wote wanachota maji kwenye pampu ya kisima, ile pampu iliyokatika mpini tangu Yunisi yuko darasa la pili!

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Anatoli, alikuwa na msemo wake. "Mgeni mpe ugali," alisema, "ukweli kaa nao." Watu walicheka na kuitikia. Hakuna aliyeona kwamba ni dhambi. Waliona ni akili.

Siku moja ya kiangazi, Yunisi akiwa darasa la tano, Mzee Anatoli alikuja mwenyewe shuleni kumwomba kwa mwalimu. Wageni walikuwa wamefika, mwanamke mmoja na vijana wawili wenye vyombo vya kupimia, na walitaka mtu wa kuwatafsiria kwa wazee wasiojua Kiswahili vizuri.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayewashinda wenzako Kiswahili," Mzee Anatoli alimwambia njiani.

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa sikiliza. Wanasema wametumwa na kampuni ya umeme. Mimi siwaamini. Mwaka juzi yule wa uvuvi alisema amekuja kuhesabu ndege, unakumbuka? Akaondoka na nyavu zetu! Hawa watu wote mama yao mmoja. Wakikuuliza habari za mto, wewe waambie mto hauna kitu. Haya, sema."

"Mto hauna kitu."

"Vizuri, mwanangu. Hata bibi yako akiropoka, wewe ndiye mwenye ulimi."

Yule mgeni aliitwa Catherine. Alikuwa mpole, mwenye haraka kidogo, na alikwishaungua jua puani. Alieleza kwamba kampuni ilitaka kujenga bwawa kule juu, kwenye korongo la Rushoza, ili kupata umeme. Kabla ya kujenga, alisema, lazima ijulikane watu wanautumiaje mto. Yunisi alimtazama akafikiria habari ya ndege, akajifunga moyo. Nyumba kwa nyumba akawatafsiria wazee. Wazee nao walikuwa wamekwishaonywa, wakajibu walivyoagizwa, na kazi ikawa rahisi.

Ila Bibi Verediana hakuwa mtu wa kuonywa. Huyu ndiye mama yake Feliksi, bibi yake Yunisi. Walimkuta kivulini mwa nyumba akichambua mise, matunda ya mchikichi, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Catherine alimwamkia shikamoo, akachuchumaa mbele yake, akauliza mto una faida gani.

Bibi alicheka. Kisha akajibu kwa Kiha, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo hata mtoto alipaswa kulijua.

"Mwambie huyu binti kwamba mto huu tunaunywa. Wanangu wote waliogeshwa kwa maji yake siku waliyozaliwa. Mwaka wa njaa tulikula samaki wake, na hakuna aliyekufa. Mawese haya yatachemshwa kwa maji yake. Mwambie, mwenye kuuziba Rushoza ametukaba koo."

Catherine alimgeukia Yunisi. Mzee Anatoli, aliyekuwa amesimama pembeni, alikohoa.

"Anasema zamani walikuwa wakiutumia," Yunisi alisema. "Siku hizi tunachota kisimani. Na samaki hakuna."

"Maneno mengi yote yale ndiyo hayo tu?"

"Wazee huzunguka sana, dada."

Catherine alicheka, akaandika, akashukuru. Bibi Verediana alimvuta Yunisi mkono. "Umemwambia?"

"Ego, Bibi. Nimemwambia."

Bibi aliridhika, akarudi kwenye mise yake. Jioni ile Mzee Anatoli alimsifu Yunisi mbele ya watu, na Feliksi akamkatia kichwa cha kambale, sehemu ya mkubwa. Yunisi alikila kwa raha. Mimi nasema kweli, hakuna kitu kitamu kama kusifiwa kwa kosa ambalo kijiji kizima kinalipenda.

Mwaka ukapinduka. Kiangazi kilichofuata ikaja boti ikiwa imejaa wanaume wenye kofia ngumu na mashine zilizofungwa turubai. Walipita kando ya kijiji wakapanda juu korongoni. Mlio wa baruti ukawa unasikika mchana kutwa, na mbuzi wakawa wanakata kamba. Watoto waliona ni mchezo. Walihesabu milipuko wakibishana ni lini umeme utawaka na nani atakuwa wa kwanza kununua televisheni.

Kisha asubuhi moja Yunisi alishuka na ndoo yake, akasimama. Rushoza haukuwa ukisema kitu. Mawe aliyozoea kuyakanyaga chini ya maji yalikuwa juu yote, yana utelezi na yananuka. Katikati ya mchanga kulikuwa na vidimbwi, na ndani ya vidimbwi samaki wadogo walikuwa wakirukaruka kwa ubavu.

"Baba!" aliita. "Baba, mto umekwenda wapi?"

Feliksi alikuwa amesimama kwenye uzio wake, maji hayafiki hata vifundoni.

Watu wakamiminika. Mwanzoni, aibu hii ni lazima isemwe, walifurahi. Walizoa samaki kwa mikono, kwa ndoo, kwa khanga, wakacheka na kusukumana. Ndayikunda, jirani yao aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto na kuolewa papo hapo kijijini, ndiye peke yake hakuinama. "Yemwe, ninyi," alisema, "mnacheka nini? Kesho mtakunywa nini?"

Mzee Anatoli na Feliksi wakapanda korongoni kuulizia.

Walirudi alasiri. Feliksi aliketi jikoni bila kunawa, na Recho akamwekea chakula asikiguse.

"Wameweka tuta," alisema. "Wameyageuza maji yote, wanachimba mwamba waukague. Nikamwuliza msimamizi wao, mbona hamkutuambia? Akanishangaa! Akasema, sisi tumeelezwa huko chini hakuna anayeutumia mto. Nikamwuliza, ameeleza nani?" Feliksi aliangalia mikono yake. "Akasema, ninyi wenyewe."

Yunisi alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilimtoka.

"Na bwawa likiisha kujengwa?" Recho aliuliza.

"Hivihivi. Bomba litavuka kilima na kumwaga maji ziwani upande wa pili. Kiangazi chote huku hakitapita kitu."

"Basi nenda ukawaambie! Panda boti ya kesho. Waambie tunakunywa, tunalima, tunavua."

"Nani anavua, Recho?" Feliksi alimkazia macho. "Nikaseme mimi ninao uzio? Nikamtaje Ndayikunda na mpunga wake wa ukingoni? Watanipeleka mahakamani kabla sijamaliza kusema. Oya, siendi. Wamesema ni majuma machache. Tuvumilie."

Wakavumilia. Wenye nguvu walishuka mpaka mwaloni kuchota maji ya ziwa, mahali palepale ambapo boti zinatia nanga, watu wanafua na wengine, Mungu awasamehe, wanajisaidia nyuma ya mawe. Kupanda na ndoo kile kilima ni kazi ya kuvunja shingo. Wasio na nguvu walichota kwenye vidimbwi vilivyobaki. Recho aliagiza maji yote yachemshwe, lakini kuni nazo zina mwisho, na mtu mwenye kiu hangoji chungu kipoe.

Bibi Verediana hakutaka kumsumbua mtu. Wakati wengine wako shambani, yeye alijikokota na kibuyu chake mpaka kidimbwi cha karibu, kile kilichokuwa cha muhogo. Alikunywa kama alivyokunywa maisha yake yote, moja kwa moja kutoka mtoni.

Siku iliyofuata alianza kuharisha. Kufikia jioni alikuwa akitapika pia, na macho yamezama. Recho alimpa maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi, kijiko baada ya kijiko, na yote yakatoka. Mtoto wa mwisho wa Ndayikunda alikuwa akiumwa vilevile. Alfajiri Feliksi na wanaume wengine wakafunga machela mbili, wakawashusha wagonjwa mwaloni, wakaingia kwenye boti ya kwenda Kibirizi. Yunisi alikwenda pamoja nao kwa sababu Bibi alikuwa amemshika kidole na hakuachia.

Ziwa lilikuwa limetulia siku ile. Yunisi alikumbatia miguu ya bibi yake ili isipoe, nayo ikapoa. Walipofika karibu na Kibirizi... hapana, hawakufika hata huko, mji wenyewe ulikuwa haujaonekana bado. Feliksi aliinama, akasikiliza kifua cha mama yake, kisha akavua shati na kumfunika uso. Mwendesha boti alipunguza mashine bila kuambiwa.

Mtoto wa Ndayikunda alipona, alitundikiwa maji hospitalini. Daktari aliyempokea aliuliza swali moja tu: wanakunywa maji gani? Feliksi alisimama pale mlangoni, mama yake amelala ndani ya boti ufukweni, na hata hapo ulimi ukamteleza kwa mazoea. "Ya kisima," alisema. Yunisi alimsikia. Akaona haya kwa ajili ya baba yake na kwa ajili yake mwenyewe.

Walimzika Bibi Verediana Nyamhenda. Baada ya mazishi Yunisi hakula. Siku ya tatu Recho alimvuta kando, akamkalisha kwenye kinu kilicholazwa.

"Wewe una jambo. Kufiwa tumefiwa sote, lakini wewe una jambo."

Yunisi akalia kwanza, kisha akasema yote. Alirudia maneno ya Bibi jinsi yalivyokuwa, kwa Kiha, halafu akasema alivyoyageuza. "Aliniuliza, umemwambia? Nikasema nimemwambia. Mama, mimi ndiye niliyemuua Bibi."

Yunisi alitaka aambiwe kwamba hapana, si kosa lako. Mama yake hakumwambia hivyo.

"Waliokutuma ni watu wazima, na mzigo mkubwa ni wao," Recho alisema. "Lakini ulimi ni wako, Yunisi. Hata mtu akikuagiza, unayesema ni wewe. Kulia hakumrudishi mtu. Wiki ijayo watu wa mazingira wanakuja shuleni kuuliza wananchi kabla hawajatoa kibali cha bwawa. Mimi sikulazimishi. Fikiri mwenyewe."

Siku ya mkutano chumba cha darasa la saba kilijaa mpaka madirishani. Aliyeongoza alikuwa Bwana Mwinshehe, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kutoka ofisi ya mazingira. Catherine alikuwapo, pamoja na wakubwa wa kampuni. Alisimama akaeleza utafiti wake: maji ya kunywa ni ya kisima, kilimo cha ukingoni hakipo, uvuvi wa mtoni haupo, kwa hiyo mradi hautamwumiza mtu. Alisoma kwa sauti iliyotulia, kwa kuwa aliamini kila neno.

"Wananchi," Bwana Mwinshehe aliuliza, "ndivyo ilivyo?"

Watu waliangalia sakafu. Kila mmoja alijua ya kwake. Huyu alikuwa na bustani, yule alikuwa na migono, na wote walikuwa na hofu. Mzee Anatoli alisimama na kukohoa.

"Tunashukuru kwa maendeleo. Sisi ombi letu ni dogo, kampuni itutengenezee pampu. Basi."

Yunisi, aliyekuwa amesimama dirishani na wanafunzi wenzake, aliinua mkono kama anavyouinua darasani.

"Mwanafunzi, una swali?"

"Sina swali, shikamoo," alisema, na wenzake wakacheka kidogo. "Mimi ndiye niliyetafsiri mwaka jana. Nilitafsiri uongo."

Kicheko kikakatika. Mzee Anatoli aliruka. "Mheshimiwa, mtoto huyu amefiwa juzi tu, akili hazijamtulia. Wewe Yunisi, nenda nyumbani!"

"Mwache," Bwana Mwinshehe alisema. "Mwaka jana mlimwamini aseme kwa niaba ya kijiji kizima. Leo mnasema ni mtoto? Njoo mbele, binti."

Akapita katikati ya watu wazima. Alisimama mbele ya ubao, akamtazama Catherine kwa sababu ndiye aliyekuwa akimdai ukweli.

"Dada, uliniuliza mbona maneno ya bibi yangu yalikuwa mengi. Alisema hivi." Akayasema kwa Kiha, yote, na katika chumba kile wanawake wazee wakaanza kufuta macho kabla hajafika mwisho, maana walimsikia Verediana mwenyewe. Kisha akayasema kwa Kiswahili, safari hii bila kupunguza. Tunaunywa. Tuliogeshwa nao. Ulitulisha mwaka wa njaa. Mwenye kuuziba ametukaba koo.

"Bibi yako yuko wapi?" Bwana Mwinshehe aliuliza.

"Amekufa. Mto ulipokauka alikunywa maji ya kidimbwi."

Catherine aliketi chini.

"Na samaki?" Bwana Mwinshehe aliendelea taratibu. "Wapo?"

"Wapo. Ningu na kambale hupanda wakati wa mvua."

"Nani anawavua?"

Yunisi alifungua kinywa. Alimwona baba yake ameketi dawati la tatu, magoti yamembana kama mtu mzima yeyote kwenye dawati la mtoto. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi, nalo halikutoka. Ya kwake alikuwa ameyasema. Ya baba yake hakujua kama ana haki ya kuyasema.

Feliksi akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nina uzio, unakatiza mto wote. Najua ni kosa. Mniadhibu, lakini muandike kwamba samaki wapo. Na daktari aliponiuliza tunakunywa maji gani, mama yangu akiwa maiti ndani ya boti, nikasema ya kisima. Nimechoka kusema ya kisima."

Ndayikunda alikuwa mwanamke mwenye hofu zaidi ya wote, kwa kuwa kila ugomvi wa ardhi huanza kwa kumwuliza yeye alitoka wapi. Akasimama hata hivyo, na mtoto mgongoni. "Mpunga ule wa ukingoni ni wangu. Ndio tunaokula." Baada yake akasimama mwingine, na mwingine, mpaka watu wakawa wanakatizana, kama vile kila mmoja aliogopa kubaki wa mwisho kuwa mwongo. Mzee Anatoli alifunika uso kwa kofia yake.

Bwana Mwinshehe aliwaacha wote wamalize. Kisha akavua miwani.

"Ninyi wa kampuni," alisema, "mlikuja siku moja, wakati wa kiangazi, mkamwuliza mtoto mmoja akiwa amesimamiwa na mwenyekiti. Mkaziba mto bila kushuka kuangalia nani yuko chini. Huo si utafiti, na mtu amekufa. Nanyi wa Nyamhenda, mlikuwa na mto mkaukana. Wote mna hatia, ila adhabu ameipata ajuza mmoja, ambaye ndiye peke yake aliyesema kweli."

Akaamuru tuta livunjwe kesho yake. Kibali cha bwawa hakikutolewa siku ile. Mvua zilipoanza walikuja wataalamu wengine wakakaa kijijini wiki nyingi, wakala ugali, wakaonyeshwa kila bustani, kila kidimbwi cha muhogo, kila njia ya samaki. Catherine alikuja nao kwa ombi lake mwenyewe. Mwishowe kampuni ikaambiwa Rushoza hautazibwa, itafute umeme mahali pengine. Taa za umeme Nyamhenda bado hazijawaka. Watu wanazisubiri, na wanasema wazi kwamba wanazitaka, ila si kwa bei ile.

Lakini usidhani kwamba kulikuwa na ngoma. Maji yalirudi yakiwa ya matope, na msimu ule ningu hawakupanda, na vifaranga vyao vilikuwa vimekauka mchangani. Pampu ilitengenezwa. Bustani za ukingoni zikaamriwa zisogezwe baada ya mavuno, na wengine walipata mashamba ya mawe huko juu, wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mzee Anatoli aliuacha uenyekiti bila kuambiwa.

Feliksi alipewa amri ya kuung'oa uzio wake. Aliifanya kazi hiyo mwenyewe siku ya Jumamosi, na Yunisi akashuka kumsaidia. Walisimama majini, baba aking'oa miti, binti akifunga matete mafungu.

"Baba," Yunisi aliuliza, "tumeshinda?"

Feliksi alitupa mti ukingoni. "Mto umerudi. Mama hakurudi. Sijui kama huko ni kushinda."

Yunisi aliinamisha kichwa. Baba yake akaja, akamshika mabega kwa mikono yenye matope.

"Nisikilize, mwana wanje, mwanangu. Wewe ulisema uongo mara moja. Sisi tulikulea ndani yake, tukakupigia makofi. Mimi nilidhani naficha uzio wangu, kumbe nilikuwa nauficha mto wenyewe. Kitu ukikana kwamba unacho, siku wakija kukichukua utakitetea kwa kinywa gani?"

Akautazama uzio, ambao sasa ulikuwa vijiti vichache tu vilivyosimama katikati ya maji.

"Ukweli ungeninyang'anya hiki tu," alisema. "Uongo umeninyang'anya mama yangu."

Akashika mti uliofuata, akaung'oa.